Kikohozi Wakati wa Mgomo

Kuna watu wanaogoma kwa mdomo, na kuna wanaogoma kwa mwili mzima. Mume wangu ni wa kundi la pili. Walimu wa Kisangani walipokataa kurudi darasani baada ya Pasaka, wenzake wengi walifunga vitabu wakaenda kutafuta riziki. Mmoja alishika jembe, mwingine akaomba moto, yaani pikipiki, ya shemeji yake akaanza kubeba abiria. Yeye alirudi nyumbani, akavua viatu, akaweka kiti chini ya upenu, akawasha redio, akagoma. Aligoma asubuhi, akagoma mchana, na saa ya chakula alikuja mezani na uso wa mtu aliyetoka kazini amechoka.

Tunakaa komini ya Tshopo, karibu na mto, mahali ambapo mitaa ikinyamaza unasikia maji ya bwawa la umeme. Umeme wenyewe tunausikia zaidi ya kuuona, ndiyo maana redio ya Prof inatumia betri. Namwita Prof kwa sababu mtaa mzima unamwita hivyo. Anafundisha chimie, yaani kemia, katika shule ya sekondari tangu kabla hajanioa, na hata posa aliileta kwa sauti ya mtu anayesoma somo ubaoni.

Huku kwetu migomo ina aina zake. Kuna ule ambao mwalimu anafika shuleni, anasalimia, anakaa kivulini na kungoja saa ya kurudi. Na kuna ule wanaouita grève sèche, mgomo mkavu: hakuna kwenda, hakuna chaki, hakuna hata kumsahihishia mtoto wa jirani hesabu yake. Prof yumo katika kamati ya walimu, na ndiye aliyesimama mkutanoni akasema mgomo wa safari hii uwe mkavu. Walimpigia makofi. Mimi sikuwepo, lakini makofi hayo alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba naweza kuyapiga kama yalivyopigwa.

Haki alikuwa nayo. Mgala muue na haki yake mpe. Mshahara wa mwalimu unakuja ukitaka, na ukija unakuta bei zimeshapanda ngazi nyingine. Mimi nakaanga mikate, yale maandazi ya mviringo ambayo watu hapa wanakula asubuhi pamoja na uji, na sihitaji redio kuniambia hali ya uchumi. Boti kutoka Kinshasa ikichelewa, unga unajificha. Njia za mashariki zikifungwa na vita, sukari inakuwa na maringo ya bibi harusi. Basi napunguza donge kidogo, wateja nao wanageuza mkate mkononi na kunitazama. Ninawaambia mkate ni uleule, ni mikono yao imenona. Wanacheka, wananunua, wanaondoka wakinung'unika, na kesho wanarudi kwa sababu mkate wa mwenzangu wa ng'ambo ya barabara umekonda zaidi.

Siku moja mke wa askari, mmoja wa wale wanaotoka kambi ya Kapalata na kupita kwangu wakienda sokoni, aliniuliza habari za mgomo. Nikamweleza. Akasema, "Wako iko na bahati. Yangu akigoma, banamufunga." Nilifikiri maneno yake siku nzima mbele ya kikaango. Mwalimu anaweza kugoma, askari hawezi. Na mimi je, nigome juu ya nani? Nikikataa kuwasha moto, Serikali haitapata habari, lakini wanangu watapata habari kabla jua halijapanda. Kwa hiyo nyumbani kwetu mtu mmoja aligoma na mtu mmoja akafanya kazi ya kulisha mgomo.

Haya yote ningeyacheka tu, kama isingekuwa mtoto wetu wa mwisho. Binti huyu alikuwa finaliste, mwaka wa sita wa sekondari, na mbele yake kulikuwa na mtihani wa Serikali, ule ambao bila huo hakuna mlango wowote wa chuo unaofunguka. Hatujui mchezo na mtihani huo. Kaka yake mkubwa aliufikia mwaka ambao kulikuwa na mgomo mwingine, mkavu vilevile, na baba yake akiwa mbele ya wagomaji vilevile. Alianguka. Akasema atarudia mwaka ujao, akakodi moto ili apate pesa ya mwaka huo ujao, na mpaka leo yuko juu ya moto. Ni dereva mzuri, heshima anayo, lakini akipita mbele ya shule anaongeza mwendo. Nilijiapiza kwamba wa mwisho hatanipotea namna ile.

Binti mwenyewe alijaribu njia ya adabu kwanza. Alimwendea baba yake chini ya upenu, akapiga goti kidogo, akasema, "Papa, kuna équation moja siielewe. Unaweza kunionyesha tu hapa?"

Prof alipunguza redio. "Mama," alisema, maana binti zake wote anawaita mama, "miye niko katika grève."

"Lakini hapa iko nyumbani, papa."

"Njo maana. Mutu anafunga darasa kule mbele ya batu, anafungua hapa ku lopango, ku nyumba yake, kwa mutoto yake. Batoto ya wengine itasema nini? Grève iko grève."

Nilikuwa napepeta unga. Nikasema kwa sauti ya kutosha kwamba kuna nyumba ambamo mganga anakataa hata kumshika mwanawe kichwa aone kama kina moto. Aliniangalia, akaniambia kwamba hili ni jambo la kanuni. Nikamjibu kwamba kanuni nazijua, zinakula sana na hazioshi sahani. Akaongeza redio. Mtoto alikwenda kukaa nyuma ya nyumba na daftari lake, na nilimwona akifuta macho kwa kiwiko. Nilikasirika, sitaficha. Usiku ule nilimpa Prof pondu, kisamvu chetu, bila samaki, nikamwambia na samaki ameingia mgomo.

Binti yangu lakini hana damu ya kukaa. Siku chache baadaye alileta wenzake wa darasa, wasichana na wavulana, kila mmoja na kigoda chake au kipande cha ubao. Mmoja alikuwa binti wa wavuvi wa kule kwenye maporomoko, mcheshi, mwenye mkono mrefu wa kuandika. Waliomba ruhusa yangu kuandika kwenye ukuta wa jikoni, ambao nilikuwa nimeupaka chokaa kwa ajili ya Noeli. Niliona uchungu wa chokaa yangu, nikatoa ruhusa. Chaki Prof alikuwa nayo, boksi zima kabatini, ila alisema chaki ya mgomaji haiandiki. Basi wakaandika kwa makaa ya jiko langu.

Walijifundisha wenyewe. Mmoja anasimama na makaa, wengine wanabishana. Prof alikuwa pale pale chini ya upenu, hatua chache tu kutoka ukutani. Ili mtu yeyote asiseme anafundisha, aligeuza kiti, akawapa mgongo. Lakini mgongo hauzibi masikio, na masikio yake yalikuwa mahali pake. Waliposoma kwa sauti walichoandika, nilimwona mabega yakipanda. Mwenye kuzoea kusahihisha anaumia akisikia kosa, kama mimi ninavyoumia nikiona mtu anageuza mkate kabla haujaiva.

Binti yangu aliandika équation ya gesi inayoungua. Kwa jinsi walivyokuwa wakielezana, nilielewa kwamba vitu vya kushoto na vya kulia lazima vilingane, kama mizani ya sokoni. Akasoma jibu. Prof akakohoa.

Kilikuwa kikohozi kidogo, cha koo, cha mtu aliyemeza kitu kigumu. Mtoto akageuka, akautazama mgongo wa baba yake, akautazama ukuta. Akahesabu upya. Akafuta namba moja kwa kiganja, akaandika nyingine, akasoma tena, polepole. Mgongo ukanyamaza. Akaendelea na ya pili, akakosea, kikohozi kikaja. Kufikia jioni darasa zima lilikuwa limeelewa, na nadhani mtu wa mwisho kujua kwamba Prof anafundisha alikuwa Prof mwenyewe.

Kuanzia hapo mchana ulikuwa na utaratibu wake. Watoto wanaandika, wanasoma, wanangoja. Kimya ni sawa, kikohozi ni kosa. Kosa dogo lilipata kikohozi cha kawaida. Kosa la aibu, la mambo ya mwaka wa tatu, lilipata kikohozi kirefu chenye huzuni ndani, na mwenye kosa aliinamisha kichwa bila kuambiwa. Habari zikatembea. Wakaja finaliste wa mtaa wa pili, na wa mtaa wa tatu, mpaka nikakosa mahali pa kuanikia nguo.

Na mimi ningeacha nafasi kama hiyo ipite? Siku ya pili tu nilichemsha sinda, yale majani ya mchaichai, nikatia tangawizi nyingi, nikampelekea kikombe kikubwa. Nikamwambia, "Papa ya batoto, hii kikohozi yako inanitia wasiwasi. Kunywa."

Alikitazama kikombe. Akikataa, atakuwa amekiri kwamba haumwi. Akikubali, tangawizi itamfundisha yeye. Alikunywa mpaka chini, machozi yakimlengalenga, akasema asante. Nikampelekea kila siku. Siku moja nikataja na sindano, kwamba muuguzi wa zamu ni rafiki yangu. Akasema kikohozi chake ni cha vumbi tu. Mvua ilikuwa imenyesha tangu asubuhi.

Yule binti wa wavuvi alileta samaki, mkubwa, wa kumshukuru Prof. Hapo palizuka kesi. Prof alisema mgomaji hapokei malipo, na samaki huyu ni malipo, kwa hiyo ni kuvunja mgomo. Binti akamwambia kwa heshima kwamba samaki si wa chimie, ni wa kikohozi, kwao mtu anayeumwa anapelekewa samaki. Nilimfunga samaki kwenye majani, nikampika liboke juu ya makaa, nikaweka mezani na lituma ya ndizi zilizopondwa. Mume wangu alisema hatakula. Harufu ilipomzunguka mara mbili tatu, alisema ataonja kichwa tu, kwa sababu kichwa si nyama. Asubuhi sikukuta hata mkia.

Siku zilikwenda, redio ikawa inasema mazungumzo yanaendelea. Nimesikia neno hilo maisha yangu yote. Mazungumzo yanaendelea juu ya mishahara, juu ya barabara, juu ya vita. Nilimwambia Prof kwamba hao wanaozungumza lazima wana mate mengi sana. Hakucheka. Alikuwa ameanza kukonda, na nilijua si chakula. Mgomo mrefu unamla mtu kwa ndani, hasa anayependa kazi aliyoigomea. Kila asubuhi aliamka saa ya shule, akavaa shati la shule, halafu akakumbuka.

Halafu ikaja siku ya kikohozi cha kweli.

Alikuwa amenyeshewa akitoka kwenye mkutano wa kamati, akalala na baridi, akaamka kifua kimejaa. Nilimwambia alale ndani. Akasema atakaa kwenye kiti chake, maana watoto wangekuja na kukuta kiti kitupu. Sikuwa na moyo wa kumtania, nikamfunika blanketi. Wakaja. Mtihani ulikuwa umekaribia sana, na mchana ule walitaka kupitia mambo yote magumu kwa mara ya mwisho.

Binti yangu aliandika équation ya kwanza. Akasoma. Baba akakohoa. Akafuta, akabadilisha. Baba akakohoa. Mwenzake akachukua makaa, akajaribu kwa njia nyingine, na kikohozi kikaja cha pande mbili, na kamasi. Walibishana, wakafuta, wakaandika. Mimi nilikuwa sokoni, nimefuata mafuta, sikuwepo kuwaambia kwamba leo anaumwa kweli; haya walinisimulia baadaye. Niliporudi nilikuta ukuta wangu mweusi kutoka juu mpaka chini, na watoto wana nyuso za watu waliopotea msituni. Mambo waliyokuwa wakiyajua tangu Februari waliyafuta yote, kwa sababu mgongo wa Prof uliyakataa. Kabla sijafungua mdomo, binti wa wavuvi aliandika kitu rahisi kuliko vyote, ili wajue walipo. Aliandika maji, H2O.

Prof akakohoa mpaka blanketi likaanguka.

Binti yangu aliachia makaa yakaanguka. Akakaa chini, kwenye udongo, na sketi yake ya shule, akalia kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo, mdomo wazi. "Sijue kitu," alisema. "Hata maji sijue. Nitaanguka kama yaya." Yaya ndiye kaka yake, wa moto.

Hapo hapo mtu akapiga hodi mlangoni mwa lopango. Ilikuwa kamati. Walikuja watatu, wamevaa vizuri, na mbele yao mwenyekiti, mwalimu wa hesabu anayekaa Simi-Simi, mtu mwenye kifua kipana na sauti ya kuita kivuko. Walisema wamekuja kumwona mgonjwa. Lakini macho yao yalikwenda ukutani kwanza, kisha kwenye vigoda, kisha kwa watoto, na niliona wazi kwamba wamesikia maneno ya mtaani na wamekuja kuhakikisha. Mgomaji akishikwa anafundisha, wenzake wanamtenga, na Prof wangu bila wenzake hana marafiki wengine.

Alisimama. Blanketi lilikuwa miguuni, kifua kinapiga filimbi. Aliwatazama wenzake, akamtazama mtoto aliyekaa chini. Kisha akageuka, kwa mara ya kwanza tangu siku hizo zianze, akauelekea ukuta.

"Maji iko H2O," akasema. "Na zile zingine zote zilikuwa bien. Miye naumwa kweli leo. Muandike tena vile mulikuwa mumeandika."

Mwenyekiti akauliza taratibu, "Umesema nini, Prof?"

"Nimesema maji iko H2O. Kama ile iko kuvunja grève, alors, nimevunja. Muandike mu rapport."

Nilisimama na chupa yangu ya mafuta mkononi, tayari kusema maneno ambayo mke wa mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya kamati. Nilikuwa nimeyapanga. Lakini mwenyekiti hakuwa akimtazama Prof tena. Alikuwa akitazama pembe ya kulia ya ukuta, mahali ambapo wale watoto, kwa kukosa mtu wa kuwaongoza, walikuwa wameandika hesabu zao wenyewe siku iliyotangulia. Hesabu Prof hazijui sana, hakuwahi kuzikoholea. Mwenyekiti alizisoma mstari kwa mstari, midomo ikitembea. Alikuna shingo. Na yeye alikuwa na binti finaliste kule nyumbani, hilo tulilijua wote. Alitazama wenzake wawili, akatazama miguu yake.

Akakohoa.

Kilikuwa kikohozi cha kujilazimisha, hakina ufundi hata kidogo, mtu yeyote angejua. Lakini mvulana mmoja aliruka pale pale, akaangalia mstari ule, akaupata ulipokosewa, akafuta. Nilicheka mpaka ikanibidi nikae juu ya kinu. Wale wawili waliobaki walijaribu kushika nyuso zao, wakashindwa. Nikamwambia mwenyekiti kwamba naona na yeye ameshikwa, kwamba ugonjwa huu unaambukiza sana walimu, nikaenda kumletea sinda yenye tangawizi ya watu wanne. Alikunywa yote akiwa amesimama.

Kuanzia kesho yake alikuja kila mchana kumwona mgonjwa. Mgonjwa alipona, yeye akaendelea kuja, na binti yake pamoja naye. Waliweka viti viwili bega kwa bega chini ya upenu, migongo kwa ukuta, wakabishana juu ya habari za redio, na katikati ya siasa mmoja wao alikohoa. Kwenye mkutano mkuu mwenyekiti alisimama akasema kwamba kamati imetembelea mitaa yote na haijakuta mwalimu yeyote anayefundisha. Prof alinisimulia makofi hayo pia.

Mgomo uliisha kama inavyoisha migomo yetu, kwa mtu mmoja kusoma ahadi redioni na wengine kurudi kazini kwa sababu wamechoka. Mshahara uliofuata ulichelewa kama kaka yake, mshahara uliotangulia. Nilimwuliza Prof walichopata ni nini hasa. Akasema wamepata kusikilizwa. Nikamwambia mimi pia namsikiliza kila siku na simnyimi chakula, basi Serikali inione niifundishe. Unga haujashuka, donge langu bado dogo, na watoto wakaingia kwenye mtihani wao wakiwa na vidole vyeusi vya makaa.

Matokeo yalikuja kwenye simu, mchana, ya mmoja mmoja. Binti yangu alifungua ya kwake mbele yangu, akanipa simu niisome, na sikuweza kusoma kwa sababu ya macho yangu. Alinisomea yeye. Amefaulu. Sijui nilipiga kelele gani. Najua tu kwamba majirani walikuja wakidhani kuna msiba, wakakuta poda inamwagwa. Hapa kwetu anayefaulu anamwagiwa poda ya watoto kichwani mpaka awe mweupe kama aliyetoka ndani ya gunia la unga, na anazungushwa mtaa mzima. Kaka yake alimpandisha juu ya moto, akapiga honi mpaka kwenye maporomoko kwa kina binti wa wavuvi, na huko nako kulikuwa na poda na ngoma, akamrudisha bila kupunguza mwendo wala kuuongeza mbele ya shule. Niliona hilo na sikumwambia mtu.

Watu walipopungua, Prof alimwita binti akae karibu naye. Alikuwa na furaha ya kimyakimya, anashika goti moja kisha jingine. Alimwuliza atasoma nini chuoni. Nilijua anangoja neno gani. Alikuwa ameshawaambia watu wawili watatu kwamba nyumba hii itapata daktari.

"Ualimu, papa," mtoto akasema. "Chimie."

Nimemwona mume wangu mbele ya wakaguzi, mbele ya kamati, mbele ya askari waliokuja kutawanya maandamano. Sijawahi kumwona akiogopa namna ile. Alishika mkono wa mtoto, poda ikamwingia kwenye vidole.

"Kila kitu, mama," akasema. "Sheria, udaktari, biashara kama mama yako. Hapana ile."

"Mbona, papa?"

"Utazeeka unangoja. Miye nimezeeka nangoja. Kila mwezi nangoja, kila mwaka nangoja, banasema mbele kutakuwa muzuri, nangoja. Sitaki uvae hii maisha."

Katika migomo yote, matangazo yote na mikutano yote, nilikuwa nimemsikia akisema walimu wanateseka, walimu wanadharauliwa, walimu wanadai. Hakuwahi kusema mimi. Hata kwangu, kitandani, hakuwahi. Niliinuka nikitaka kumshika bega, nikashindwa kufika, nikasimama katikati ya uwanja kama mgeni.

Mtoto hakubisha. Alijipangusa poda kwenye kope ili amwone vizuri. "Na wewe, papa," akamwuliza, "kama haungekuwa prof, ungekuwa nani?"

Nilimwona akitafuta kwa dhati, kama mtu anayepapasa mifuko yote, na nami nilingoja, kwa sababu miaka yote hii sikuwa nimewahi kumwuliza. Akatazama mto, akatazama barabara na watu wenye kazi zao wanaopita, wa moto, wa makaa, wa vitambaa, mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyemfaa.

Mwishowe akamwachia mkono. Akamwambia aende kuoga kwanza, poda inaingia machoni. Na akitoka aangalie chini ya kitanda chetu, upande wa ukutani, kuna vitabu vyake vya chimie, vya mwaka wa kwanza wa chuo, kama panya hawajavimaliza.